Mzee wa Reli Ajibu: Nguzo Yenye Mwaka 1898

SWALI: Mzee wetu, habari za nyumbani? Mimi ni mwalimu wa P.6 (darasa la sita) upande wa Kireka. Muhula huu niliwapeleka wanafunzi kukiangalia kituo kidogo cha reli kilichoko njiani kati ya Kampala na Mukono, chenye paa la mabati na varanda mbele. Mtoto mmoja alisugua nguzo ya varanda kwa kitambaa cha ubao, zikatokea herufi zilizochomoza kwenye chuma. Mwanzo umeliwa na kutu, lakini mwisho unasomeka vizuri: 1898, na karibu yake 50. Sasa darasa zima linasema kituo kilijengwa mwaka 1898, na mimi nilishawafundisha kwamba reli ilifika Kampala 1931. Nani yuko sahihi? Hiyo 50 ni nini? Tena wanauliza kwa nini kituo kiliwekwa bondeni ilhali watu wanakaa mlimani. — Mwalimu, Kireka

JIBU: Mwalimu, nyumbani ni salama, nashukuru. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliinuka kitini.

Hesabu yako ni sahihi, na macho ya watoto nayo ni sahihi. Reli kutoka pwani iliingia Kampala mwaka 1931, daraja la reli la Jinja lilipokamilika, kwa hiyo kituo hicho hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Ila nguzo imeizidi umri nyumba yenyewe, kwa sababu nguzo hiyo ni reli.

Rudi nao mkaitazame kwa ubavu. Reli ina kichwa, kiuno na wayo. Kichwani ndipo gurudumu linapopita, wayo ndio unaokaa juu ya taruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini kuishika reli, na kiuno ni lile bapa jembamba la katikati. Maandishi huwa kiunoni, kwa sababu hapo hapaguswi na gurudumu wala taruma. Hayakuchongwa kwa patasi. Kiwandani, chuma kikiwa bado chekundu, hupitishwa katikati ya rola nzito, na rola moja imechorwa jina la kiwanda, mwaka na uzito. Kila rola inapozunguka, maneno yaleyale yanajichapa tena. Ndiyo maana mkitafuta kwenye nguzo nyingine mnaweza kupata jina ambalo kutu imelila kwenye hii.

Hiyo 50 ni uzito: ratili 50 kwa kila yadi moja ya reli. Kwa vipimo vya leo ni kama kilo 25 kwa mita. Nguzo ya mita tatu basi ina kilo 75 hivi, wanaume wawili wanaibeba begani. Wape watoto hesabu hiyo waifanye wenyewe.

Reli za ratili 50 ndizo zilizotandikwa kwanza kutoka Mombasa. Kazi ilianza 1896, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikafika Kisumu, ukingoni mwa ziwa. (Wanafunzi wakikuuliza kwa nini iliitwa Reli ya Uganda na haikufika Uganda, waambie Kisumu siku hizo ilihesabiwa ndani ya Uganda. Mpaka ulisogezwa 1902.) Chuma chenu kilipokuwa kinatoka kiwandani mwaka 1898, baadhi ya wajenzi walikuwa Tsavo wakihangaika na daraja, na simba wawili wakiwatoa watu mahemani usiku.

Baadaye vichwa vya treni vikawa vizito, mizigo ikaongezeka, na reli za 50 zikaanza kupinda. Zikang'olewa kidogokidogo, zikawekwa za ratili 80. Zile zilizotolewa hazikutupwa. Reli ni chuma kizuri mno, na ilikuwa imeshalipiwa meli kutoka Ulaya. Kwa hiyo kituo kidogo kikihitaji nguzo, ilikatwa reli. Boriti juu ya mtaro, reli. Uzio, reli. Mataruma ya zamani pia, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa wangeyamaliza ya mbao, yalisimamishwa wima yakawa ua wa bustani ya stesheni masta. Siku hizi Kampala hadi Mukono wameweka mataruma ya zege, mmeyaona.

Sasa nataka ujue kama nguzo yenu ilipata kubebeshwa treni, au ilitoka meli moja kwa moja ikawa nguzo. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mtoto apitishe kidole gumba taratibu pande zote mbili za kichwa. Reli iliyofanya kazi huwa imelika upande mmoja, pale ukingo wa gurudumu ulipokuwa ukiisugua, na upande wa pili umebaki na duara lake. Hasa ikiwa ilikuwa kwenye kona. La pili, tazama ncha ya juu karibu na mabati, au chini karibu na sakafu. Ukiona matundu mawili ya mviringo kiunoni, hayana bolti wala kazi yoyote, hapo ndipo reli ilipoungwa na mwenzake kwa vyuma vya kuungia. Fundi wa varanda hakuwa na sababu ya kutoboa matundu hayo. Yalikuja nayo.

Mkikuta yote mawili, basi chuma kinachoshika kivuli chenu kilikanyagwa na magurudumu miaka mingi kabla ya kusimamishwa hapo.

Nikueleze na nyumba yenyewe, maana nilianza kuchora ramani za majengo ya reli mwaka 1978, kijana, na vituo vya namna hiyo nimevipima kwa tepu ya futi 100, mwenzangu akishika upande wa sifuri na nyuki wakitufukuza kwenye dari.

Chumba cha stesheni masta kiko karibu na katikati, na mlango wake unatazama reli, si barabara. Hilo halikuwa bahati. Njia ni moja tu, treni zinatoka huku na kule, na zikikutana katikati ya vituo ni maafa. Kwa hiyo stesheni masta wa hapa na wa kituo kinachofuata walikuwa wanapatana kwanza kwa simu ya waya kwamba njia ni tupu, ndipo dereva anapewa kibali mkononi. Bila kibali treni haiondoki, hata kama Gavana yumo. Treni isiyosimama ilipewa kibali ikiwa inakwenda: mtu anasimama ukingoni, mkono juu, ameshika pete kubwa yenye kibali, na msaidizi wa dereva anaiingiza mkono wake ndani na kuinyakua. Marehemu baba alikuwa mtu wa pointi, yaani yule anayegeuza njia kwa mkono. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, na alisema ni zile pete na zile nyenzo za kugeuzia pointi.

Ubavuni mwa chumba hicho utakuta dirisha dogo linaloingia varandani. Hilo ni la tiketi. Tiketi zilikuwa vipande vya kadi ngumu, urefu wa kidole, karani anazipiga tarehe kwa mashine ya chuma inayolia tak. Upande mwingine kuna stoo ya mizigo yenye mlango mpana. Halafu kuna kijumba peke yake, hatua kadhaa kutoka nyumba kubwa, hakina dirisha la maana. Watu hudhani ni choo. Ni chumba cha taa. Mafuta ya taa yaliwekwa huko ili moto ukitokea usichukue kituo kizima.

Paa limevuka ukuta kwa sababu ya mvua zetu, unazijua. Maji yake yanaingia kwenye mfereji wa bati na kushuka kwenye tangi. Mkuu wa kazi yetu, fundi mzee aliyenifundisha, alikuwa akisema ukitaka kujua kama mchoraji aliwahi kunyeshewa Kampala, pima paa lake limetoka kiasi gani. Vituo vyetu vidogo paa limetoka vizuri.

Kuhusu bonde. Treni haipendi mlima. Lori linaweza kupanda Kireka likiguna, lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza. Mji wetu wote ni vilima, kwa hiyo wapima njia waliifuata miguu ya vilima na kingo za vinamasi, huko Kinawataka na Namanve. Tena kituo ni mahali pa kupishania: treni moja inaingia njia ya pembeni na kungoja, nyingine inapita. Mabehewa yakisimama kwenye mteremko yanaweza kuondoka yenyewe. Panatakiwa tambarare, na tambarare hapa kwetu iko chini. Enzi za mvuke kulikuwa na shida ya maji pia, na maji nayo yako bondeni. Watu wakabaki mlimani, wakawa wanashuka na mizigo yao kichwani.

Kuna jambo moja ambalo ningependa uwaambie watoto, na uwaambie bila kulipunguza. Ramani za zamani nilizozikuta kazini zilichorwa kwa wino juu ya kitambaa laini kilichotiwa wanga. Katika ramani hizo vyumba vya kungojea na vyoo viliandikwa kwa rangi ya mtu: Wazungu, Wahindi, Waafrika. Kwenye vituo vidogo, Mwafrika wa daraja la tatu hakuchorewa chumba kabisa. Alipewa varanda, na pengine hata hiyo hakupewa, ni kivuli cha mti. Nenda kwenye ukuta wa varanda yenu, uchuchumae, utazame plasta kwenye kimo cha mabega ya mtu aliyekaa chini. Kama haijapigwa rangi upya, utaikuta imelainika na kung'aa, mkanda mmoja mrefu kuanzia dirisha la tiketi hadi mlango wa stoo. Hakuna fundi aliyeilainisha. Ni migongo ya watu waliokaa wakingoja, na vikapu vyao, na kuku waliofungwa miguu. Kwangu mkanda huo una thamani kuliko paa.

Umeona sijakitaja kituo chenu kwa jina, ingawa barua yako imenipa. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao wanasoma magazeti. Miaka iliyopita nilikuta mkandarasi mmoja akibomoa stoo ya kituo kingine kidogo siku ya Jumapili. Nguzo nne zilikatwa kwa gesi na kupakiwa kwenye lori mbele yangu, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kunionyesha. Nilikuwa nimeipima stoo hiyo mwaka mmoja kabla, kwa penseli tu, nikisema nitakuja kuichora vizuri. Kurasa mbili za daftari langu ndizo zilizobaki. Nilikaa na hasira hiyo muda mrefu, na bado haijaisha.

Kwa hiyo ninawaomba hivi. Chukueni karatasi nyembamba, ibandikeni juu ya maandishi, halafu msugue polepole kwa kipande cha makaa ya mti. Herufi zitajitokeza nyeusi juu ya nyeupe, hata zile ambazo jicho halizioni. Msitumie msasa, na msipake rangi ili "kupendeza". Pimeni urefu wa nyumba, upana, kimo cha mlango, kina cha varanda. Andikeni tarehe. Fanyeni nakala mbili, moja ikae shuleni. Na ombeni ruhusa kwanza, kwa sababu treni bado zinapita hapo, na darasa la watoto lisisogelee reli bila mtu wa reli kuwepo.

Ukinitumia karatasi ya makaa nitakuambia ni kiwanda gani, kama jina litasomeka.

SWALI: Mzee, mimi ni mwendesha bodaboda wa Luzira. Abiria wangu mmoja alibisha kwamba Port Bell ilipewa jina kwa ajili ya kengele ya meli, mimi nikasema ni kwa ajili ya bia ya Bell. Tuamue. Na ni kweli treni ilikuwa inaingia ndani ya maji?

JIBU: Nyote wawili mmekosea, kijana wangu, lakini wewe umekosea zaidi: bia ndiyo iliyochukua jina la bandari. Kiwanda cha bia cha hapo Luzira kilianzishwa 1946, na bandari ilikuwa na jina hilo miaka mingi kabla. Ni la Sir Hesketh Bell, aliyekuwa mtawala wa Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, hadi 1909.

Reli yako ya Port Bell ni kongwe kuliko reli kuu ya Kampala, na watu wengi wa mjini hawalijui hilo. Kumbuka reli ya Mombasa iliishia Kisumu 1901. Kuanzia hapo mzigo ulipakuliwa, ukapakiwa kwenye meli, ukavuka ziwa, ukapakuliwa tena Luzira. Robota moja la pamba likienda pwani lilibebwa na migongo mingi kwa sababu ya ziwa lililokuwa katikati. Kipande cha reli kutoka bandarini hadi Kampala, kama kilomita tisa, kilijengwa kupunguza adha hiyo, zaidi ya miaka kumi kabla daraja la Jinja halijafunguliwa. Busoga nao walikuwa na yao, Jinja hadi Namasagali, tangu 1912. Vipande viwili vya reli, kila kimoja peke yake, ziwa likiwa ndilo barabara kuu. Mwaka 1931 treni ilipoanza kutoka Kampala hadi Mombasa bila kushuka, Port Bell ikapumzika.

Na ndiyo, treni inaingia majini, kwa maana ya kwamba mabehewa yanaingia melini. Gatini kuna daraja fupi la chuma lenye reli juu yake, linaloinuka na kushuka kufuata kimo cha maji. Meli inageuza nyuma, reli za daraja zinakutana na reli za sitaha, na mabehewa yanasukumwa ndani moja moja. Yanatakiwa kuingizwa kwa zamu, huku na huku, la sivyo meli inalala upande. Tulikuwa na meli tatu za kazi hiyo: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama. Nililia siku hiyo, sioni haya kulisema. Nilishawahi kusimama kwenye sitaha yake na reli zilikuwa zimenyooka kama uzi.

SWALI: Reli mpya pana ikija, itapita kwenye vituo hivi vya zamani?

JIBU: Hapana. Reli yetu ya zamani ina mita moja kati ya chuma na chuma, kipimo kilichochukuliwa kutoka India ili mabehewa na mafundi wa huko watumike. Reli mpya ya Malaba hadi Kampala, ambayo mkataba wake ulisainiwa Oktoba 2024, ina milimita 1,435, na itakuwa na njia yake na vituo vyake. Haitumii mataruma yale wala kona zile. Ndiyo sababu nina haraka na vituo vidogo: hakuna atakayevibomoa kwa chuki, vitabomolewa kwa kusahauliwa, bati moja leo na dirisha kesho.

SWALI: Ndugu yangu, tulikua wote landhi ya Nsambya, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Unakumbuka mama zetu walivyokuwa wakitutengenezea leso kwa ramani za kazini? Wajukuu zangu hawaniamini. Na kile kipande cha reli kilichokuwa kengele ya kituo alichofanyia kazi baba yako, kiko wapi? — Mama wa watu, Tororo

JIBU: Dada yangu, wajukuu wako wakuamini, nami ni shahidi. Ramani iliyoharibika ilikuwa inatolewa bure. Mama aliichemsha kwa sabuni mpaka wanga na wino vikatoka, kikabaki kitambaa chembamba cheupe kuliko chochote dukani. Leso yangu ya P.1 ilibaki na mstari mmoja wa bluu pembeni, haukutoka katu. Pengine ndio ulionipeleka kwenye kazi ile. Wajukuu ukiwaambia hayo, waambie kwa Kiswahili, maana landhi ile ilikuwa na Wasamia, Wajaluo, Wanyoro, Wateso na Wahaya, na hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira.

Kengele niliitafuta miaka miwili. Iko kwenye shule moja ya msingi, si mbali na reli, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mti wa mfenesi. Mkuu wa shule aliniruhusu kuipima: futi mbili na inchi tano, reli ya ratili 50, tundu moja la bolti ndiko mnyororo ulikopita. Upande mmoja umebonyea kama kijiko, pale inapopigwa. Nilipokuwa ninaandika vipimo alikuja msichana wa P.7 na nondo mkononi, akasema, "Mzee, sogea, saa imefika." Nikasogea.